Nyumbani Mnazungumza Lugha Gani?

Kwenye fomu za kumwandikisha mtoto shule ya serikali Marekani kuna swali ambalo mzazi anaweza kulijibu kwa sekunde tatu na kupita: nyumbani mnazungumza lugha gani? Limekaa pale pamoja na tarehe ya kuzaliwa, anwani na taarifa za chanjo, utadhani ni jambo la kawaida tu. Lakini kama shule yenyewe ina programu ya lugha mbili, Kihispania na Kiingereza, jibu la swali hilo linaweza kuwa zito kuliko mengine yote yaliyoandikwa kwenye karatasi ile.

Programu hizi huendeshwa hivi. Darasa moja linachanganya watoto waliokulia kwenye Kihispania na watoto waliokulia kwenye Kiingereza, ikiwezekana nusu kwa nusu. Wote wanasoma kwa lugha zote mbili. Si kwamba Kihispania ni kipindi cha dakika arobaini kama Kifaransa tulichosoma sekondari, hapana. Hisabati yenyewe, sayansi yenyewe, hadithi wanazosomewa kwenye mkeka, zote zinakuja kwa lugha hii au ile kulingana na ratiba. Zipo shule zinazogawa muda sawa kwa sawa tangu siku ya kwanza. Zipo nyingine zinazoanza na asilimia 90 ya Kihispania katika darasa la awali, kisha Kiingereza kinaongezeka mwaka hadi mwaka mpaka lugha mbili zinalingana katika madarasa ya juu ya msingi. Mtoto anatakiwa aingie mapema, darasa la awali au la kwanza, kwa sababu anayekuja darasa la tatu bila neno la Kihispania atakuwa amewakuta wenzake mbali sana. Nafasi zikiwa chache kuliko waombaji, wilaya nyingi huchezesha bahati nasibu. Na mara nyingi kunakuwa na makapu mawili: la watoto wa Kihispania na la watoto wa Kiingereza.

Kwa hiyo leo wapo wazazi wasiojua Kihispania hata cha kuombea maji, wamekaa kwenye orodha ya kusubiri wakiomba mtoto wao afundishwe kwa lugha hiyo. Na wapo wazee, katika nchi hiyo hiyo, waliochapwa shuleni kwa kuizungumza. Watu hawa wawili wanaweza kuwa majirani. Ukitaka kuelewa fomu ile, lazima ujue ni nini kimetokea kati yao.

Tuanze na Wajerumani, maana hapo ndipo watu wengi hushangaa. Marekani haikuzaliwa na shule za Kiingereza pekee. Mwaka 1839 jimbo la Ohio lilipitisha sheria iliyoruhusu shule za umma kufundisha kwa Kijerumani pale wazazi walipoomba, na mwaka uliofuata mji wa Cincinnati ukaanza. Watoto walisoma kwa Kijerumani na Kiingereza, na utaratibu huo ukadumu vizazi kadhaa. Hakuna aliyeuita uhaini. Wajerumani walikuwa wengi, walikuwa na magazeti, viwanda na kura. Wanasiasa wa mji walijua kuhesabu.

Kilichoua shule zile hakikuwa utafiti wa elimu. Kilikuwa vita. Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, Kijerumani kikageuka kuwa lugha ya adui, na chuki hiyo ikamwagikia lugha nyingine zote za kigeni. Mwaka 1919 jimbo la Nebraska lilikataza kumfundisha mtoto lugha ya kigeni kabla hajamaliza darasa la nane. Mwaka uliofuata mwalimu mmoja wa shule ya kanisa, Robert Meyer, alishtakiwa kwa kumfundisha mtoto wa miaka kumi kusoma Kijerumani. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1923 majaji saba dhidi ya wawili wakasema sheria ile haifai: mwalimu ana haki ya kufundisha, na mzazi ana haki ya kuchagua mwanawe afundishwe nini. Meyer alishinda. Lakini kufikia hapo Kijerumani kilikuwa kimeshafagiliwa madarasani, na ushindi wa mahakamani haukukirudisha.

Texas nayo ilitunga sheria yake mwaka 1918. Kufundisha kwa lugha isiyo Kiingereza katika shule za umma kukawa kosa la jinai. Huko aliyelengwa alikuwa jirani wa karibu zaidi: mtoto wa Kimexico, ambaye wengine katika ukoo wake walikuwepo kwenye ardhi ile kabla haijaitwa Marekani.

Katika mji mdogo wa Marfa, magharibi mwa Texas, ipo shule iliyoitwa Blackwell. Jengo lake ni la mwaka 1909, na ilikuwa shule ya watoto wenye asili ya Mexico. Siku moja ya mwaka 1954 wanafunzi waliambiwa waandike maneno ya Kihispania kwenye vikaratasi. Vikaratasi vikatiwa kwenye sanduku, shimo likachimbwa uwanjani, wakafanya mazishi. Marehemu alikuwa na jina: Bwana Kihispania. Baada ya hapo aliyesikika akizungumza lugha ya mama yake aliadhibiwa.

Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo marefu hapa. Anajua habari za ile disk, kibao kilichopita mkononi mwa kila mtoto aliyekamatwa akizungumza lugha ya nyumbani, na jioni kikatoa orodha ya wa kuchapwa. Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika kuhusu kibao cha aina hiyo katika Decolonising the Mind. Lakini nadhani hata yeye hakuwahi kusikia shule iliyoandaa jeneza.

California hali ilikuwa tofauti kidogo, ila lugha ilitumika kwa kazi ile ile. Katika kaunti ya Orange watoto wa Kimexico walipelekwa kwenye shule zao peke yao, na wakuu wa elimu walipoulizwa sababu walisema ni lugha: watoto hawa hawajui Kiingereza. Wazazi watano, akiwemo Gonzalo Mendez, walikwenda mahakamani mwaka 1945. Ushahidi ukaonyesha kwamba hakuna aliyewapima watoto wale Kiingereza ipasavyo. Waliangaliwa majina na sura. Watoto wa Mendez walikuwa wanazungumza Kiingereza vizuri tu. Hakimu aliwapa wazazi ushindi mwaka 1946, na mwaka 1947 mahakama ya rufaa ikaunga mkono. Miaka saba baadaye ikaja hukumu maarufu ya Brown, iliyofuta ubaguzi wa rangi mashuleni nchi nzima.

Kwa hiyo kumbuka: swali la lugha ya nyumbani liliwahi kuwa kisingizio. Jibu lilijulikana kabla ya kuuliza.

Sasa twende Miami, maana ndipo programu ya leo ilipozaliwa.

Mapinduzi ya Cuba yalifanikiwa Januari 1959, na Wacuba wakaanza kuvuka bahari kwenda Florida. Kati ya mwisho wa 1960 na Oktoba 1962 zaidi ya watoto 14,000 walifika Marekani bila wazazi, kwa mpango uliokuja kuitwa Pedro Pan. Wengine walikuja na familia nzima. Shule za kaunti ya Dade zikajikuta na maelfu ya watoto wasiojua Kiingereza, na pia walimu waliotoka Cuba, wenye elimu na uzoefu, ambao vyeti vyao havikuwaruhusu kusimama darasani Florida.

Septemba 1963 shule ya msingi ya Coral Way ikafungua milango kwa mpango mpya, kuanzia darasa la kwanza hadi la tatu. Fedha zilitoka Ford Foundation. Mmoja wa waliouongoza alikuwa Pauline Rojas, mwalimu aliyekuwa amefanya kazi Puerto Rico. Asubuhi kila mtoto alisoma kwa lugha yake, Mcuba kwa Kihispania na Mmarekani kwa Kiingereza. Mchana walibadilishana: yale yale ya asubuhi wakayarudia kwa lugha ya pili. Kwenye muziki, sanaa, michezo na chakula walichanganyika. Mwalimu wa Kimarekani na mwalimu wa Kicuba walipanga somo pamoja, kila mmoja akijua mwenzake amefundisha nini.

Jambo la ajabu kuhusu Coral Way ni kwamba wengi walidhani ni mpango wa muda. Wacuba wenyewe waliamini watarudi kwao, labda mwaka kesho, labda Krismasi ijayo. Kihispania kilifundishwa kwa umakini kwa sababu watoto wale wangekihitaji siku ya kurudi Havana. Siku hiyo haikufika. Familia zikabaki na shule ikabaki nazo. Tathmini za miaka ya mwanzo zikaonyesha kwamba watoto waliosoma kwa lugha mbili hawakuachwa nyuma kwa Kiingereza na wenzao waliosoma kwa Kiingereza peke yake.

Lakini tusiisimulie kama hadithi ya malaika. Tujiulize: kwa nini Miami, kwa nini mwaka 1963? Mwaka huo huo, watoto wengi weusi wa Florida walikuwa bado wanasoma kwenye shule za kutengwa. Kule Texas, Kihispania darasani kilikuwa bado ni kosa kisheria. Mtoto wa Kimexico aliyezungumza lugha ile ile moja aliadhibiwa, na mtoto wa Kicuba akapewa mwalimu, kitabu na fedha za wafadhili. Tofauti haikuwa kwenye sarufi. Wacuba wa wimbi la kwanza wengi wao walikuwa weupe, wasomi, watu wa tabaka la kati, na walikuwa wamemkimbia adui wa Washington. Serikali ya Marekani ilitaka wafanikiwe. Nionavyo mimi, hili ndilo somo kubwa la historia yote hii: Marekani haijawahi kuamua juu ya lugha peke yake. Kila mara imeamua kwanza juu ya watu, kisha lugha ikafuata.

Mwanga wa Coral Way ulisambaa. Januari 1968 Rais Lyndon Johnson, ambaye ujanani aliwahi kufundisha watoto wa Kimexico katika mji wa Cotulla, Texas, alisaini Sheria ya Elimu kwa Lugha Mbili, iliyosukumwa na seneta wa jimbo lake, Ralph Yarborough. Kwa mara ya kwanza serikali kuu ikatenga fedha kwa ajili hiyo. Miezi miwili baadaye maelfu ya wanafunzi wa mashariki mwa Los Angeles waligoma, wakatoka madarasani. Miongoni mwa madai yao ilikuwamo elimu kwa lugha mbili. Wao hawakuwa wakimbizi waliotazamwa kwa jicho la huruma. Walikuwa raia waliochoka.

Kisha ikaja kesi iliyozaa swali letu la kwenye fomu. San Francisco ilikuwa na watoto wapatao 1,800 wa Kichina wasiojua Kiingereza na wasiopewa msaada wowote. Wanakaa darasani, mwalimu anaongea, siku inaisha. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, majaji wote wa Mahakama ya Juu walikubaliana: kumpa kila mtoto kitabu kile kile na mwalimu yule yule si usawa, kama mtoto haelewi kinachosemwa. Mwaka 1975 serikali ikatoa mwongozo uliozitaka wilaya zitambue watoto wanaohitaji msaada. Utawatambuaje? Unawauliza wazazi. Nyumbani mnazungumza lugha gani?

Swali lile lile la kubagua likawa swali la kusaidia. Maneno hayakubadilika sana. Aliyelishika ndiye aliyebadilika.

Tatizo la msaada ni kwamba haraka sana hugeuka kuwa alama. Programu nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hazikuwa kama Coral Way. Ziliwakusanya watoto wa Kihispania peke yao, zikawafundisha kwa lugha yao miaka miwili au mitatu, lengo likiwa kuwatoa kwenye lugha hiyo na kuwahamishia Kiingereza. Kihispania kilikuwa ngazi: ukishapanda, unaipiga teke. Na kwa kuwa ilikuwa programu ya maskini, ilikosa watetezi. Mwaka 1980, baada ya Wacuba wapatao 125,000 kufika kwa boti kutoka bandari ya Mariel, hata wapiga kura wa Dade, nyumbani kwa Coral Way, walipitisha amri ya kukataza kaunti kutumia fedha zake kwa lugha isiyo Kiingereza. Wimbi hili lilikuwa na maskini wengi zaidi na weusi wengi zaidi. Amri ilidumu hadi 1993. Coral Way ilinusurika, ikaendelea.

Juni 1998 California ikapigia kura pendekezo namba 227, lililoanzishwa na mfanyabiashara Ron Unz. Asilimia 61 walilikubali. Watoto wafundishwe kwa Kiingereza, wageni wapewe mwaka mmoja hivi wa kuzoea, basi. Arizona ikafuata mwaka 2000, Massachusetts mwaka 2002. Mwaka huo wa 2002 ile sheria ya 1968 nayo ikafika mwisho: nafasi yake ikachukuliwa na sheria mpya ambayo hata jina lake lilizungumzia kujifunza Kiingereza tu. Bwana Kihispania alikuwa anazikwa mara ya pili, safari hii kwa sanduku la kura.

Halafu, ndani ya miaka kumi na mitano tu, upepo ukageuka. Mwaka 2008 Utah, jimbo la kihafidhina lenye wazungu wengi, lilipitisha sheria ya kufadhili shule za lugha mbili, na hoja kuu ilikuwa biashara na ajira. Mwaka 2011 California ikapitisha sheria ya kutoa muhuri maalumu kwenye cheti cha sekondari kwa anayemudu lugha mbili. Mwaka 2016 wapiga kura wa jimbo hilo wakaifuta 227 kwa zaidi ya asilimia 70, na mwaka uliofuata Massachusetts nayo ikalegeza.

Utafiti ulichangia. Mji wa Portland, Oregon, ulikuwa unagawa nafasi kwa bahati nasibu, kwa hiyo watafiti wa RAND waliweza kulinganisha waliopata na waliokosa, bila kudanganywa na tofauti za familia. Matokeo ya 2015 yalionyesha kwamba waliopata walikuwa mbele kwa kusoma Kiingereza, takriban miezi saba darasa la tano na miezi tisa darasa la nane. Kwa Kiingereza, jamani! Kwenye hisabati na sayansi hawakupoteza kitu. Mzazi anayehofia kwamba Kihispania kitamla mtoto wake Kiingereza ana jibu hapo, mradi awe na subira, kwa sababu faida haijitokezi darasa la kwanza.

Lakini si utafiti peke yake uliogeuza upepo. Hoja ilipokuwa haki ya mtoto wa mhamiaji, kura ziliangusha. Hoja ilipokuwa mtaji wa mtoto wa kila mtu, kura zikapitisha. Mapema kabisa, mwaka 1997, msomi Guadalupe Valdés aliandika makala ya tahadhari kuhusu programu hizi za kuchanganya. Aliuliza nani hasa anafaidika. Mtoto wa Kiingereza akitamka sentensi moja ya Kihispania, ukumbi mzima unapiga makofi. Mtoto wa Kihispania akijifunza Kiingereza chote, watu wanaona ametimiza wajibu tu. Tangu hapo wasomi wengine wameonyesha jinsi shule ya aina hii inavyoweza kuvuta familia zenye uwezo kwenye mtaa wa wahamiaji, kodi ya nyumba ikapanda, na wenye lugha yao wakahamia mbali na shule iliyofunguliwa kwa ajili yao.

Ndiyo maana yale makapu mawili ya bahati nasibu yana maana. Kapu la Kihispania likiondolewa kwa jina la usawa, wenye muda wa kufuatilia tarehe za maombi watajaza viti vyote. Na fomu nayo ina mitego yake. Wapo wazazi wahamiaji wanaoandika "Kiingereza" hata kama nyumbani hakizungumzwi, wakiogopa mtoto atawekewa alama na kutengwa. Hofu hiyo haikuanguka kutoka mbinguni, umeshasoma ilikotoka. Lakini kwa kuandika hivyo, mtoto anaweza kukosa kiti kilichotengwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Na sisi je? Miaka ya karibuni Marekani imepokea makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Kongo, na wengi wao nyumbani wanazungumza Kiswahili. Mzazi wa namna hiyo akifika kwenye shule ya Kihispania na Kiingereza, mtoto wake hana kapu. Si wa huku, si wa kule. Sheria ya baada ya Lau inampa haki ya kusaidiwa Kiingereza, na hakuna kinachomzuia kujifunza Kihispania. Watoto wa Bukavu na Uvira wamezoea kubeba lugha tatu tangu wakiwa wadogo. Ila lugha yake mwenyewe haimo kwenye ratiba. Coral Way ilihitaji jamii yenye walimu wake, fedha na sauti mjini. Waswahili wa ughaibuni walimu wanao. Hayo mengine bado.

Jengo la Blackwell leo ni eneo la kihistoria la taifa, chini ya sheria iliyosainiwa mwaka 2022. Serikali ile ile ya nchi inalinda mahali ambapo lugha ilizikwa. Coral Way yenyewe ingali inafundisha kwa lugha mbili, miaka zaidi ya 60 baada ya Wacuba kufungasha kwa safari ya kurudi ambayo haikuja. Kati ya hizo mbili yupo mzazi na kalamu yake. Ushauri wangu ni mfupi: andika ukweli, hata kama kisanduku ni kidogo. Kisha uliza shule maswali mawili kabla ya kusaini. Kati ya viti vya darasa hili, vingapi ni vya watoto wa lugha yenyewe? Na wao, mwisho wa mwaka, wanafanyaje? Shule inayojibu swali la kwanza na kukwepa la pili, usiiharakie.